Sindano, Rangi na Karatasi: Sanaa Inavyowasaidia Wanawake Walioko Gerezani

  Katika safu hii ya afya tumezoea kuzungumzia kisukari, shinikizo la damu na chanjo za watoto. Leo naomba tuzungumze jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulisikia, nalo ni afya ya akili ya dada na mama zetu walioko gerezani, na namna kazi ya mikono inavyoweza kuwasaidia wasikate tamaa.

Najua mtu akisikia neno gereza husema hilo halinihusu. Lakini tuwe wakweli. Tunaishi katika nchi za watu, sheria zake ni nyingi, na ndugu zetu wameingia matatani kwa njia mbalimbali. Wapo waliobebeshwa mizigo na watu waliowaamini, wapo waliotumia hati zisizo zao ili wapate kazi, wapo ambao ugomvi wa nyumbani ulifika pabaya, na wapo waliofanya kosa wakijua kabisa wanachofanya. Mwanamume akifungwa, mara nyingi mkewe humtembelea na mama yake humwombea mbele za watu. Mwanamke akifungwa, habari zake hukatwa. Watu wa nyumbani huambiwa amehamia mji mwingine, watoto huambiwa mama yuko safarini, na jina lake halitajwi tena kwenye shughuli.

Sikusudii kutetea kosa la mtu. Mahakama imeshafanya kazi yake. Swali la afya ni jingine: huyu dada siku moja atatoka, je, atatoka akiwa katika hali gani?

MWANAMKE ANAPOTEZA NINI ANAPOFUNGWA

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako wengi wetu tunaishi. Katika England na Wales wanawake ni kama asilimia 4 tu ya wafungwa wote. Kwa kuwa ni wachache, magereza yao pia ni machache. Wales haina gereza la wanawake hata moja. Maana yake ni kwamba mama anaweza kufungwa mbali sana na watoto wake, na nauli ya kwenda kumwona ikawa mzigo kwa familia.

Jambo la pili ni kwamba wanawake wengi hufika gerezani wakiwa tayari wameumia. Mwaka 2007 Baroness Jean Corston alitoa ripoti yake kwa serikali ya Uingereza, baada ya wanawake 6 kufariki katika gereza la Styal ndani ya kipindi cha mwaka mmoja. Ripoti ile ilieleza kwamba wengi wa wanawake wanaofungwa wamepitia kipigo, kudhalilishwa, ulevi na magonjwa ya akili kabla hata ya kufika mahakamani. Pia ilisisitiza kwamba magereza yaliyopangwa kwa kuwafikiria wanaume hayawafai wanawake. Hadi leo takwimu za serikali zinaonyesha kwamba wanawake gerezani hujidhuru wenyewe, kwa mfano kwa kujikata, kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kuliko wanaume.

Jambo la tatu ni kupoteza uamuzi. Saa ya kuamka, saa ya kula, saa ya kuoga, mlango kufungwa na kufunguliwa, yote huamuliwa na mwingine. Mama aliyekuwa akiendesha nyumba nzima, akijua nani amekula na nani hajala, ghafla hana hata kijiko cha kupika. Kama ana mtoto mchanga, magereza ya Uingereza yana vitengo vichache ambako mama anaweza kukaa na mwanawe mpaka afikishe miezi 18. Baada ya hapo hutenganishwa. Nchini Kenya sheria inaruhusu mtoto kukaa na mama gerezani mpaka miaka 4, na baada ya hapo nao hutenganishwa.

Kwa mgeni kuna jambo la nne, nalo ni lugha. Kiingereza cha kununulia mkate hakitoshi kumweleza muuguzi kwamba hulali usiku, kwamba kifua kinabana, kwamba unasikia sauti ya mwanao ukiwa peke yako. Basi dada hunyamaza. Na sisi wenyewe tunasema kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa.

WARSHA YA SANAA NI KITU GANI?

Warsha ya sanaa ni mkutano wa watu wachache wanaokaa pamoja kufanya kazi ya mikono wakiwa na mwelekezaji. Kazi yenyewe inaweza kuwa kuchora, kupaka rangi, kudarizi, kushona viraka, kufinyanga udongo, kufuma, kutunga mashairi au kuigiza. Kwa kawaida hufanyika mara moja kwa wiki, katika chumba chenye meza ndefu. Vifaa kama mikasi na sindano huhesabiwa mwanzo na mwisho kwa ajili ya usalama.

Mpango mzuri huwa na hatua kama hizi:

1. Kukaribishana. Kila mtu huitwa kwa jina lake. Hili si jambo dogo kwa mtu anayeishi kwa namba.

2. Kazi nyepesi ya kuanzia. Kwa mfano kuchora mistari bila kuinua penseli, au kuchanganya rangi mbili uone zinatoa nini. Lengo ni kuondoa hofu ya anayesema mimi sijui kuchora.

3. Kazi yenyewe, kwa saa moja au zaidi. Anayetaka huongea, anayetaka hunyamaza.

4. Kuangalia kazi kwa pamoja. Anayependa huonyesha yake, asiyependa haulizwi sababu.

5. Kusafisha meza na kuweka kazi mahali salama yenye jina la mwenyewe, ili wiki ijayo aikute.

Ni vizuri kutofautisha mambo mawili. Warsha ya sanaa huongozwa na msanii au mwalimu, na lengo lake ni kazi yenyewe na faraja inayotokana nayo. Tiba ya sanaa huongozwa na mtaalamu aliyesomea afya ya akili pamoja na sanaa, na Uingereza sheria hairuhusu mtu kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa bila kusajiliwa. Jina la tiba hii kwa Kiingereza lilianza kutumiwa mwaka 1942 na mchoraji Mwingereza Adrian Hill, ambaye aliugua kifua kikuu mwaka 1938 na kugundua kwamba kuchora akiwa kitandani kulimsaidia kuvumilia miezi ya kulala hospitali. Kwa hiyo asili yake ni mtu aliyefungiwa mahali kwa sababu ya maradhi, na kalamu ikamfungulia dirisha.

INASAIDIA KWA NJIA GANI?

Kwanza, mikono inapofanya kazi, akili hupumzika. Mwenye mawazo mengi huzunguka jambo lile lile usiku kucha: ningefanya hivi, nisingesema vile. Kudarizi au kupaka rangi kunataka macho, vidole na hesabu. Kwa saa ile moja mawazo hayana nafasi ya kuzunguka. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 udongo, kalamu za rangi na karatasi kwa dakika 45, wakapima mate yao kabla na baada ya kazi. Karibu robo tatu yao walionekana kupungukiwa na kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo. Waliowahi kujifunza sanaa na wasiowahi hawakutofautiana sana. Watu wale hawakuwa wafungwa, lakini mwili wa binadamu ni mmoja.

Pili, sanaa hurudisha uamuzi. Nitumie nyekundu au bluu? Nianze juu au chini? Nifumue au niache? Kwa mtu huru maswali haya ni madogo mno. Kwa mtu ambaye hajaamua jambo lolote tangu asubuhi, ni mazoezi ya kuwa mtu mzima tena. Profesa David Gussak wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida alifanya utafiti kwa miaka kadhaa katika magereza ya jimbo hilo, kwa wanaume na wanawake. Aliona kwamba walioshiriki tiba ya sanaa walipungukiwa na dalili za sonona, na waliongezeka imani kwamba maisha yao yanaweza kuongozwa na maamuzi yao wenyewe.

Tatu, sanaa husema pale maneno yanaposhindwa. Mama anaweza kushindwa kusema kwamba alipigwa miaka 10, lakini akachora nyumba isiyo na mlango. Hakuna anayemlazimisha kueleza. Kilichokuwa ndani kimetoka nje, kimewekwa mezani, na sasa anaweza kukitazama kutoka mbali kidogo.

Nne, huleta watu pamoja. Ukiwa unashona na mwenzako, hamtazamani usoni, mnatazama kitambaa. Mazungumzo huja yenyewe, kama yanavyokuja kwetu wanawake wanaposukana nywele barazani au wanapochambua mchele wa shughuli.

Tano, kuna kitu cha kutoa. Mfungwa kila siku hupokea: chakula, amri, adhabu. Anapodarizi kitambaa na kumpelekea mwanawe siku ya kuzaliwa, siku hiyo yeye ndiye mtoaji.

JAMBO HILI SI GENI

Wengine watasema haya ni mambo ya Wazungu wa siku hizi. Hapana, yana historia ndefu.

Mwaka 1813 mama mmoja wa Kiingereza, Elizabeth Fry, aliingia katika gereza la Newgate, London, akakuta wanawake na watoto wamelundikana katika uchafu bila kazi. Mwaka 1817 yeye na wenzake walianzisha chama cha kuwasaidia, na moja ya mambo waliyoleta ilikuwa kazi ya kushona. Baadaye walianza pia kuwapa vifaa wanawake waliokuwa wakipelekwa uhamishoni Australia kwa meli: sindano, nyuzi, pini, subana na vipande vya kitambaa.

Mwezi wa Aprili 1841 meli iitwayo Rajah iliondoka Uingereza ikiwa na wanawake wafungwa karibu 180, ikaelekea Hobart katika kisiwa kinachoitwa leo Tasmania. Safari ilichukua zaidi ya miezi 3. Walipofika mwezi wa Julai, wanawake wale walikuwa wameshona shuka kubwa la viraka lenye vipande 2,815, na kwenye shuka hilo walidarizi maneno ya kuwashukuru wale kina mama waliowapa vifaa. Shuka lile lilipotea kwa miaka mingi, likaja kupatikana Uskochi katika miaka ya 1980, na sasa linatunzwa katika jumba la taifa la sanaa la Australia, mjini Canberra.

Hebu fikiria, ndugu yangu. Wanawake hawa wametupwa upande wa pili wa dunia, wengi wao hawatarudi tena kwao, bahari inachafuka, na wamekaa wanaunganisha kiraka na kiraka. Mashitaka yao yamesahauliwa na wengi. Kazi ya mikono yao ipo mpaka leo.

Katika wakati wetu, mwaka 1979, wanawake wawili waliokuwa wakitumikia kifungo katika gereza la Askham Grange walianzisha kundi la maigizo liitwalo Clean Break, ambalo bado linafanya kazi London na wanawake waliopitia magereza. Mwaka 1997 Lady Anne Tree, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiwatembelea wafungwa wa gereza la wanawake la Holloway, alianzisha shirika la Fine Cell Work. Shirika hili huwafundisha wafungwa, wanaume kwa wanawake, kudarizi kazi za hali ya juu wakiwa seli, na huwalipa. Gereza la Holloway lilifungwa mwaka 2016, lakini shirika linaendelea. Lipo pia shirika la Koestler Arts, ambalo tangu mwaka 1962 huendesha mashindano ya kila mwaka ya kazi za sanaa kutoka magerezani, hospitali zenye ulinzi na vituo vya kuwazuia wahamiaji. Kazi zilizochaguliwa huonyeshwa London, na nyingine huuzwa, na sehemu ya fedha humrudia aliyeitengeneza.

Umoja wa Mataifa nao umeliona hili. Tarehe 21 Desemba 2010 Baraza Kuu lilipitisha Kanuni za Bangkok, kanuni 70 zinazohusu wanawake wafungwa, na ndani yake imo haki ya kupata huduma ya afya ya akili inayozingatia mateso waliyopitia. Kanuni za Mandela za mwaka 2015 zinasema kila gereza liwe na shughuli za burudani na utamaduni kwa faida ya afya ya mwili na akili. Kwa hiyo dada akiomba kuingia warsha ya sanaa, haombi anasa.

DADA ZETU TAYARI WANA UJUZI

Tatizo moja ni kwamba dada zetu wakisikia neno sanaa hudhani ni mambo ya wasomi, wakajiengua. Lakini mwanamke wa Unguja, Pemba, Lamu au Mombasa aliyekaa na bibi yake huenda anajua kushona kofia za viua, kofia ambazo ndugu zetu wa Oman nao wanazo na huziita kuma. Wengine wanajua kusuka ukili na kuunga mkeka. Dada wa Rwanda na Burundi wanajua kusuka vikapu vya agaseke. Dada wa Kongo wanajua vitenge, maua yake na maana zake. Wengine ni mafundi wa hina. Hiyo yote ni sanaa. Mwambieni aende amwambie mwelekezaji: hiki nakijua, naweza kuwaonyesha wenzangu. Siku mfungwa anapogeuka mwalimu kwa nusu saa, hata mgongo wake hunyooka.

Hapa nitoe zoezi moja ambalo linahitaji karatasi na penseli tu. Mtu anaweza kulifanya akiwa seli, na hata wewe msomaji uliye nyumbani unaweza kulifanya ukiwa na mawazo. Naliita zoezi la kanga.

Kanga ina sehemu tatu: pindo, mji na jina. Chora mstatili mkubwa. Kwenye pindo, pande zote nne, chora vitu vinavyokukinga: sala, jina la rafiki, wimbo unaoupenda, uso wa mtoto. Katikati, kwenye mji, chora kile ambacho kiko moyoni mwako leo, hata kama ni doa jeusi tu. Chini yake andika jina, yaani maneno machache unayojiambia mwenyewe. Chagua methali au utunge yako. Wiki ijayo chora kanga nyingine. Baada ya miezi mitatu utakuwa na doti kadhaa, na ukizipanga utaona jinsi moyo wako ulivyosafiri.

TAHADHARI

Sanaa ni msaada, si dawa ya kila kitu. Tuyazingatie haya:

1. Haichukui nafasi ya matibabu. Mwenye sonona kali, anayeona au kusikia vitu visivyokuwepo, au aliyeanza kujidhuru anahitaji daktari. Asiache dawa zake kwa sababu eti anachora.

2. Wakati mwingine kazi huamsha kumbukumbu mbaya. Dada anaweza kurudi seli akiwa na huzuni kuliko alivyokwenda. Hii haina maana warsha ni mbaya, ila anahitaji mtu wa kuzungumza naye siku hiyo. Katika magereza ya Uingereza wapo wafungwa waliofundishwa na shirika la Samaritans kusikiliza wenzao, mpango ulioanza mwaka 1991.

3. Usimtafsirie mchoro wake. Rangi nyeusi si lazima iwe na maana ya huzuni. Huenda ndiyo penseli pekee aliyokuwa nayo. Uliza: hebu niambie kuhusu mchoro huu. Kisha sikiliza.

4. Usirushe mchoro wake kwenye WhatsApp wala Facebook bila ruhusa yake. Amekuamini wewe, hajauamini ukoo mzima.

5. Jua dalili za hatari: anagawa vitu vyake, anaaga bila sababu, anasema watoto watakuwa salama zaidi bila yeye, au ameacha kula na kupokea simu. Ukiona haya usingoje. Kama yuko gerezani Uingereza, piga simu gerezani mara moja, uombe kuongea na wanaoshughulikia usalama wa wafungwa, na ueleze ulichosikia. Wewe mwenyewe ukizidiwa, namba ya Samaritans nchini Uingereza ni 116 123, na Marekani namba ya msaada ni 988. Hata ukiwa huna kibali, kuomba msaada wa uhai si kosa.

FAMILIA IFANYE NINI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo la leo. Warsha humsaidia mtu kutengeneza kitu, lakini kitu kile kinahitaji mtu wa kukipokea. Chukulia mfano huu wa kutunga. Dada amekaa majuma matatu anadarizi leso yenye jina la mwanawe. Ameituma. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Leso imefika, lakini shangazi ameiweka kabatini ili mtoto asiulize mama yuko wapi. Dada huyu atarudi kwenye meza ya warsha kweli? Sote tunajua jibu. Haikuwa gereza lililomvunja moyo siku ile, tulikuwa sisi.

Basi tufanye yafuatayo:

Kwanza, pokea na ujibu. Ukipata mchoro au kitambaa, mjulishe kimefika na kiko wapi: dada, kile kitambaa chako nimekiweka sebuleni karibu na picha ya mama. Sentensi moja kama hiyo inaweza kumlaza usingizi.

Pili, uliza kuhusu kazi yake. Simu za gerezani ni fupi na mara nyingi huishia kwenye wakili, fedha na machozi. Tenga dakika mbili umuulize: ile kofia umefika wapi? Viua vinakaa? Maswali haya humpa jambo la kuzungumza ambalo si kesi.

Tatu, waunganishe mama na watoto kwa kuchora. Mama achore nusu ya picha, kwa mfano mti bila majani, aitume. Mtoto aongeze majani na ndege, airudishe. Hata mtoto mdogo asiyejua kuandika Kiswahili wala Kiingereza anaweza kumwandikia mama kwa njia hii. Kuhusu kumweleza mtoto ukweli, kila familia ina busara yake, ila mtoto anayedanganywa huja kujua, na akijua huacha kuwaamini wote.

Nne, uliza sheria za gereza kabla ya kutuma kitu. Kila mahali pana utaratibu wake. Uingereza mara nyingi mfungwa hununua vifaa kutoka kwenye orodha iliyoidhinishwa, kwa hiyo kumtumia fedha kidogo kwa njia rasmi kunafaa kuliko kifurushi kitakachozuiliwa. Magereza mengi ya Marekani hayapokei barua zenye rangi za nta, gundi, vibandiko au unga wa kumeremeta, kwa kuogopa dawa za kulevya, na mengine humpa mfungwa nakala tu ya barua. Mtoto atumie penseli au kalamu ya kawaida. Kwa ndugu walioko Ghuba, ulizeni gereza lenyewe au ubalozi wenu.

Tano, kama una ujuzi, jitolee. Mashirika yanayofanya kazi magerezani huhitaji watu wanaojua lugha na kazi za mikono. Utachunguzwa rekodi yako kwanza, hilo ni la kawaida. Ukishaingia, usiulize kosa la mtu, usihubiri kama hujaombwa, na usiahidi kurudi Jumanne kama huna hakika. Mfungwa amekwisha kuahidiwa mengi.

SIKU YA KUTOKA

Watu wengi hudhani mlango ukifunguliwa matatizo yameisha. Majuma ya kwanza ya uhuru ndiyo magumu. Kelele ni nyingi, watoto wamekua, kazi hakuna, na jamaa wanapita wakiangalia chini. Ile meza ya kila Jumanne, iliyokuwa nguzo yake, haipo tena.

Kwa hiyo mwandalie meza nyingine. Kona ndogo ya nyumba, taa, uzi na kitambaa. Kama kina mama wa mji wenu wana siku ya kushona, kupika au kupaka hina, mwalikeni kama mnavyomwalika mtu mwingine yeyote, na msimweke pembeni kama kielelezo. Kama kazi yake ni nzuri, inunue kwa bei yake, usiombe bure kwa sababu ametoka gerezani. Fedha ya kwanza ya halali baada ya kifungo ina uzito wake.

YA KUKUMBUKA NA KUJADILI

Kwa kifupi, tumeona kwamba kifungo humnyang'anya mwanamke uamuzi, lugha na nafasi yake ya kutoa, na kwamba warsha ya sanaa humrudishia sehemu ya hayo, kidogo kidogo. Tumeona pia kwamba kazi hiyo haikamiliki bila sisi tulioko nje.

Nawaachia maswali matatu ya kuzungumza nyumbani au katika vikundi vyenu:

1. Je, yupo mtu katika jamii yetu ambaye tumeacha kumtaja jina? Nani atamwandikia wiki hii?

2. Ni kazi gani ya mikono uliyofundishwa na mama au bibi yako, na inakutuliza vipi ukiwa na mawazo?

3. Mtoto akikuuliza kuhusu ndugu aliyefungwa, utamjibu nini bila kumdanganya?

Kwa leo naishia hapa. Kama una kitambaa au mchoro wa mtu uliouficha kabatini, kautoe leo ukauweke mahali panapoonekana, kisha umjulishe. Tuombeane uzima, na tukijaaliwa tutaonana tena katika somo lijalo.